Wakazi wa Ndani ya Mstari

Nchi yenyewe ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa, na ina wimbo mwingine wa akiba endapo wa kwanza utachakaa. Jina lake sitalitaja kwa sababu niliapa kutunza siri za kazi. Mimi ni Habakuki Msolwa, Mchora Mipaka Msaidizi Daraja la Pili katika Tume ya Majimbo. Yaliyotokea Lumo Kati nayasimulia kwa nia njema kabisa, ili watu wajue jinsi serikali inavyohangaika na wananchi wasiotaka kutulia.

Miaka thelathini iliyopita Jimbo la Lumo Kati lilikuwa duara, mfano wa chapati, na Mto Lumo ukipita katikati yake. Mwaka huo Mheshimiwa Severini Makwinya aligombea ubunge kwa mara ya kwanza akashinda kwa kura mia mbili tu. Alihuzunika sana. Alikuja ofisini kwetu, akakaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, akasema, "Nimejichunguza, ndugu zangu. Tatizo si mimi. Tatizo ni bonde la kusini."

Ni kweli bonde la kusini lilikuwa limempa mpinzani kura zote. Tume ikaliondoa jimboni.

Uchaguzi wa pili, wakulima wa tumbaku wa upande wa mashariki walinuna kwa sababu ya visima walivyoahidiwa wasivione. Tukawaondoa wakulima. Mashamba yao tukayabakiza, kwa kuwa hayakuwa na malalamiko. Uchaguzi wa tatu ukawa zamu ya mji mdogo wa stesheni: tukatoa nyumba, tukaacha reli. Ikaendelea hivyo. Kufikia uchaguzi wa sita, Lumo Kati lilikuwa na urefu wa kilomita mia moja na arobaini, limejikunja kama utumbo wa mbuzi, na pale Shule ya Msingi Ndulwe upana wake ulikuwa mita tisa. Madarasa yalikuwa Lumo Kati, vyoo vilikuwa Pwagu, ambalo ni jimbo la jirani. Bungeni mtu mmoja aliuliza jimbo hilo lina umbo gani. Mheshimiwa Makwinya akasimama na kujibu, "Lina umbo la mapenzi ya wananchi kwangu." Makofi yalipigwa kwa dakika nne, na yameandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge kama maendeleo.

Sasa ndipo anapoingia Nesi Sikudhani.

Sikudhani Mbwilo alikuwa nesi wa zahanati ya Kisanga, kijiji kilichoko ukingoni mwa Mto Lumo. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wagonjwa wanyamaze wakati wa sindano. Mwezi wa tatu mvua kubwa zilibeba daraja la Kisanga. Hospitali iko ng'ambo, kilomita mbili tu kutoka mtoni. Bila daraja, mtu azunguke kilomita tisini.

Wiki ya pili baada ya daraja kwenda, nyoka alimgonga Mwalimu Teodora, mwalimu wa darasa la kwanza, akiwa anachuma mboga. Wanaume wanne walimweka kwenye machela na Nesi Sikudhani akaandamana nao kwa miguu, akimfunga na kumfungua kitambaa mguuni, akimsemesha njia nzima. Mwalimu Teodora alifariki kilomita ya sitini. Kilichomuumiza Sikudhani zaidi, kama alivyoniambia baadaye, ni kwamba pale mtoni, kabla hawajaanza kuzunguka, paa la hospitali lilikuwa linaonekana. Mwalimu mwenyewe aliliona. Alilinyooshea kidole.

Walimzika Alhamisi. Ijumaa Nesi Sikudhani alivaa viatu vyake vya kazi akaenda kumwona mbunge.

Ofisi ya Mheshimiwa Makwinya ilikuwa na katibu mhtasi mmoja na picha kumi na nne za Mheshimiwa. Katibu alimsikiliza kwa adabu, akafungua ramani, akaiwekea kidole.

"Mama, Kisanga haimo kwetu. Nyie ni wa Pwagu."

"Lakini nimempigia kura hapa miaka yote."

"Tunashukuru kwa kura zako, mama. Ila shida zako peleka Pwagu."

Akaenda Pwagu, mwendo wa siku nzima. Katibu wa huko naye akafungua ramani, ileile, imepigwa muhuri uleule.

"Mama, Pwagu inaanzia baada ya mstari huu mwekundu. Kisanga haiko baada ya mstari."

"Lumo Kati wamesema haiko kabla ya mstari."

"Basi wamesema kweli, na sisi tumesema kweli."

"Sasa mimi niko wapi?"

Katibu alitazama ramani. Halafu akamwandikia barua ya kumrudisha Lumo Kati. Lumo Kati wakamwandikia ya kumrudisha Pwagu. Alikwenda na kurudi mara tano kati ya mwezi wa nne na wa saba, na kila safari alipewa barua mpya yenye nakala tatu. Mara ya tano hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi la wageni, akavua kiatu kimoja, akalia kwa hasira huku amekishika mkononi, mpaka katibu akaona aibu na kutuandikia sisi Tume.

Ndivyo nilivyotumwa Kisanga na futi yangu.

Nilimkuta zahanati anafunga kidonda cha mtu. "Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ni wa mipaka."

"Marahaba. Kaa hapo. Usiguse kitu."

Alipomaliza nilimweleza nilichogundua, na nilikieleza kwa fahari kidogo kwa kuwa kilikuwa kimenichukua siku mbili za hesabu. Mkurugenzi wetu, Bwana Filimbi, hupenda mipaka ionekane vizuri akiwa amekaa mbali. Kwa hiyo mpaka wa Lumo Kati upande wa Kisanga alichora yeye mwenyewe, kwa kalamu nene ya wino mwekundu. Kwenye ramani mstari ule una unene wa kijiti cha kiberiti tu. Kwenye ardhi una upana wa mita mia tatu. Kisanga yote, kaya sitini na tatu, zahanati na mahali palipokuwa daraja, viko ndani ya mstari.

"Yaani hatuko upande wowote," akasema.

"Nyie ndio mpaka wenyewe, mama. Ni heshima kubwa."

Alichukua beseni la maji machafu, akapita mbele yangu, akamwaga nje. Kisha akarudi akaniuliza taratibu, kama anayeuliza mgonjwa tumbo linauma wapi, "Nani anajenga daraja lililoko ndani ya mstari?"

"Mstari ni mali ya Tume."

"Tume inajenga madaraja?"

"Tume inachora tu, mama."

"Na sheria inasema mtu anayekaa ndani ya mstari asigombee ubunge?"

Nilipekua kitabu. Sheria ilisema mgombea awe raia, ajue kusoma na kuandika, na adhaminiwe na wapiga kura ishirini na watano wa jimbo husika. Kuhusu watu wanaokaa ndani ya mstari haikusema kitu, kwa sababu aliyeitunga hakujua kwamba wapo. Nikamjibu hivyo. Ofisini walinilaumu sana baadaye kwa jibu hilo, lakini nilikuwa nimeulizwa kwa heshima.

Kampeni zilianza mwezi wa tisa. Mheshimiwa Makwinya alizifanya kwa helikopta, kwa maana jimbo lilikuwa jembamba mno kwa gari: dereva akikata kona vibaya anajikuta anamwaga sera kwa watu wa Pwagu. Nesi Sikudhani alitembea. Alishika njia kutoka ncha moja ya utumbo mpaka ncha nyingine, kilomita zote mia moja na arobaini, na mfuko wake wa dawa begani. Alikuwa akifika mahali anauliza kwanza nani mgonjwa.

Hakuwa na hotuba. Alisimama, akasema, "Mimi ni nesi wa Kisanga. Daraja letu limekwenda, mwalimu wetu amekufa, na sina mbunge. Ninyi mnaye. Hebu niambieni, mwenye mbunge anapata nini?"

Hapo watu walikuwa wakicheka. Halafu kicheko kinakatika, wanaanza kusema. Hawa walikuwa watu waliochaguliwa na Tume kwa uangalifu mkubwa, uchaguzi baada ya uchaguzi, kwa kuwa ndio waliompenda Mheshimiwa. Wakasema wanakunywa maji ya bwawani pamoja na ng'ombe. Wakasema paa la shule liling'olewa na upepo wakaambiwa upepo ule ni wa Pwagu. Bibi mmoja wa Makondeko alimwambia, "Mwanangu, sisi hatukuwahi kumpenda. Tuliogopa kuondolewa."

"Kuondolewa mpelekwe wapi?"

"Wala hatujui. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia."

Siku ya kupiga kura watu walijipanga tangu alfajiri. Kufikia alasiri ya siku ya pili matokeo ya vituo vyote thelathini na kimoja yalikuwa mezani kwa Mkurugenzi: Makwinya kura 5,212, Sikudhani Mbwilo kura 9,870.

Mkurugenzi alikagua karatasi mara tatu. Akaondoa miwani, akaifuta kwa tai.

"Matokeo ni sahihi," akasema. "Mipaka ndiyo iliyokosea."

Mheshimiwa Makwinya alikuwa amekaa dirishani, amevimba uso. Akasema kwa uchungu, "Wananchi hawa niliwachagua mwenyewe! Miaka thelathini nawachagua! Hii ndiyo shukrani?"

Tuliunda kikao cha dharura. Kanuni mpya ilipitishwa kabla ya chai: marekebisho ya mipaka yanaweza kuanza kutumika tangu wiki iliyopita. Nikapewa kalamu. Kazi ilikuwa rahisi, kwani Nesi alikuwa ameshinda vituo ishirini na sita na Mheshimiwa vitano. Nilitakiwa kubakiza vile vitano.

"Mkurugenzi," nikasema, "hivi vitano havigusani. Jimbo litakuwa visiwa."

"Visiwa si majimbo?"

"Ni majimbo, lakini huwa na bahari."

"Bahari itafuata," akasema. "Kwa sasa unganisha na waya wa simu."

Nikachora. Siwezi kusema nililazimishwa. Niliambiwa tu, na nikachora. Kijiji kwa kijiji nikakwepa watu waliokuwa wamesimama juani kutwa nzima. Makondeko nilichora polepole, kwa sababu nilikumbuka maneno ya yule bibi, yaliyokuwa yameshafika ofisini. Nilimtoa hata hivyo, maana anaishi upande wa bondeni, wenye kituo alichoshinda Nesi, na upande wa mlimani nikaubakiza. Siku ya tisa redio ilitangaza kwamba katika Jimbo la Lumo Kati, kwa mipaka yake halali, Makwinya amepata kura 2,140 na Sikudhani Mbwilo kura 1,388. Uchaguzi ulikuwa huru, wa haki, na mwembamba.

Nesi Sikudhani alikwenda mahakamani. Jaji alimsikiliza kwa dakika sita. Akaamua kwamba anayelalamikia matokeo ya jimbo lazima awe mkazi wa jimbo fulani, na mlalamikaji, kwa ushahidi wake mwenyewe, anaishi ndani ya mstari. Kesi ikafutwa. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za mahakama, na mimi niliyekuwa nimeitwa kama shahidi wa ramani nikapita karibu yake na makaratasi yangu kwapani.

"Pole, mama," nikamwambia.

"Usinipe pole," akasema. "Umechora vizuri. Una mkono mwepesi. Ningekuwa na mkono kama wako ningekuwa nashona watu."

Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula.

Mwezi uliofuata taarifa ilifika Tume: watu wa Kisanga wanajenga. Hawakuomba kibali, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwomba. Waliokatwa kutoka vituo ishirini na sita walikuja kusaidia, kwa zamu, pamoja na walioondolewa chaguzi za nyuma. Wa bondeni Makondeko walileta kamba, wa stesheni walileta vyuma vya reli chakavu, na wakulima wa tumbaku walileta magogo ya mvule waliyoyakata huko ambako mashamba yao yalibaki jimboni bila wao. Mkurugenzi alinituma nikapeleleze, na akanipa fomu ya kusainiwa na mwananchi mmoja aliyeathirika.

Nilimkuta Nesi amesimama katikati ya mto, maji magotini, gauni la kazi amelifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama. Kuna fomu."

"Inasemaje?"

Nikamsomea. "Daraja na njia ya kwendea darajani, upana wa mita mbili, vimerudishwa katika Jimbo la Lumo Kati. Kingo za mto zitabaki zilivyo. Je, umeshirikishwa? Majibu ni mawili, mama: Ndiyo, na Ndiyo sana."

Mtu wa juu ya nguzo alikuwa anapiga kelele kwamba ubao unateleza.

"Shika huo ubao," akaniambia.

"Mama, mimi nipo kikazi."

"Shika ubao, Habakuki!"

Nikaingia majini na viatu vyangu vya ofisi, nikashika ubao. Nilishika wa kwanza, nikashika wa pili, mpaka jua likaanza kushuka na mikono yangu ikawa na malengelenge. Hakuna aliyeniuliza natoka upande gani. Fomu ililowa. Niliirudisha hivyohivyo, na Mkurugenzi akaianika juu ya jiko la mkaa, akaweka alama mwenyewe kwenye "Ndiyo sana".

Daraja lilifunguliwa rasmi Jumamosi. Mheshimiwa Makwinya alikuja na bendi ya polisi na malori matano ya wananchi halali kutoka vituo vyake vitano, wote wamevaa fulana zenye uso wake. Kwa kuwa jimbo hapo lilikuwa na upana wa mita mbili, walipangwa wawiliwawili juu ya daraja na njiani, foleni ndefu, na pande zote mbili tukafunga kamba ya mpaka. Mimi ndiye niliyeifunga. Nyuma ya kamba, kwenye matope ya ukingo, walisimama waliolijenga. Hawakualikwa, lakini sheria haikatazi kusimama nje ya jimbo.

Mheshimiwa alihutubia saa moja na nusu. Alijishukuru. Alisema daraja hili amelibeba moyoni tangu ujana wake. Nilimwona Nesi Sikudhani ng'ambo ya kamba, mikono imekunjwa kifuani, uso umekauka. Mkono wake mmoja ulikuwa na bandeji.

Mwishoni Mheshimiwa alipandisha sauti, kama anavyofanya siku zote akitaka makofi. "Miaka thelathini! Kama yupo mtu, hata mmoja, ambaye Makwinya hajamfanyia kitu, na anyooshe mkono nimwone!"

Nesi Sikudhani akanyoosha mkono.

Bendi, iliyokuwa imeshavuta pumzi, ikabaki na pumzi yake.

Mkurugenzi alidaka kipaza sauti haraka. "Mkono huo hauhesabiki! Uko nje ya kamba!"

Nyuma ya Nesi watu wa Kisanga wakanyoosha, halafu wakulima wa tumbaku, halafu stesheni nzima. "Hauhesabiki!" Mkurugenzi akaendelea, anageuka huku na huku. "Hauhesabiki! Na huo pia! Nje ya kamba!"

Ndipo mkono mmoja ukanyooka ndani ya kamba. Ulikuwa wa Bwana Ngwandu, Mwenyekiti wa Vijana wa chama, mwenye umri wa miaka sitini na moja, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele kabisa na uso wa Mheshimiwa tumboni.

"Ngwandu?" akasema Mheshimiwa. "Una nini?"

"Visima, Mheshimiwa," akajibu, macho chini. "Tunakupenda. Lakini visima, huu ni mwaka wa ishirini na tano."

Mama aliyekuwa ubavuni mwake akanyoosha. Aliyekuwa nyuma ya mama akanyoosha. Ikaenda hivyo njia nzima, wawiliwawili, mpaka mwisho wa foleni ambako hata hawakusikia swali lilikuwa nini, wao wakanyoosha tu kwa sababu waliona imefika zamu yao. Polisi mmoja wa bendi aliweka tarumbeta chini.

Mheshimiwa Makwinya aligeuka akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi, jasho linamtiririka, akaniwekea kalamu nene mkononi na ramani mgongoni mwa dereva aliyeinamishwa ili iwe meza.

"Chora," akaninong'oneza. "Haraka. Watoe."

"Nani, Mkurugenzi?"

"Wote walionyoosha!"

Niliishika kalamu. Niliangalia kulia kwa kamba, nikaangalia kushoto, nikaangalia ndani. Mikono mingine ilikuwa na malengelenge kama yangu. Nikafunika kalamu, nikamrudishia, na kumwambia ukweli wa kitaalamu, wa kwanza niliowahi kumwambia tangu niajiriwe: kwamba sioni pa kuanzia.